Matope ya Januari, kutoka Seaford hadi Eastbourne

Matope ya pwani ya Sussex ni ya aina mbili, na anayetembea kutoka Seaford hadi Eastbourne mwezi Januari huzijua zote mbili kabla ya saa sita mchana. Aina ya kwanza ni meupe. Hutokea pale ambapo nyayo za watu zimemaliza nyasi na mwamba wa chaki umebaki wazi. Ukinyeshewa, uso wake unageuka rojo jembamba, lenye utelezi wa sabuni. Aina ya pili ni ya kijivu, yanakaa bondeni kando ya Mto Cuckmere, na hayatelezi kabisa. Yananasa. Yanashika kiatu mpaka kwenye kifundo, na ukivuta mguu yanakufyonza kwanza ndipo yakuachie.

Kila niliyemwambia kwamba ninasafiri peke yangu kusini mwa Uingereza katikati ya majira ya baridi, na kwamba nataka kupita njia ya juu ya majabali, alinijibu kwa neno hilo hilo: matope. Walilisema kwa nia njema, wakimaanisha nisubiri Mei. Siwalaumu. Mwezi Mei kuna jua, kuna maua, na ardhi ni kavu. Lakini pwani ile haijengwi Mei. Inajengwa, na kubomolewa, kati ya Novemba na Machi, kwa mvua, baridi kali na mawimbi makubwa, na matope unayoyakanyaga ni sehemu ya kazi hiyo. Anayekuja wakati wa kiangazi anaikuta kazi imesimama.

Njia yenyewe ina urefu wa kama kilomita 22, ukihesabu mzunguko wa kwenda kutafuta daraja. Tatizo la Januari ni mwanga zaidi ya umbali. Jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kutua muda mfupi baada ya saa kumi jioni, kwa hiyo mtu ana saa nane na kidogo za kutumia, na hapo bado hajahesabu mawingu mazito ambayo hulitangulia giza. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliandika kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo safari yangu ilihitaji saa tano na ushee. Naismith alikuwa anamfikiria mtu mwenye afya njema, hali ya hewa nzuri na ardhi isiyosumbua. Mimi niliongeza theluthi nzima kwa ajili ya matope, nikaondoka Seaford mwanga wa kwanza ulipotokea tu.

Kutembea peke yako kunabadilisha maandalizi yako. Mkiwa wawili, mmoja akiteguka mguu mwenzake anakwenda kuita msaada. Ukiwa peke yako, simu ndiyo mwenzako, na baridi huimaliza betri haraka, kwa hiyo nilikaa nayo mfuko wa ndani karibu na mwili, pamoja na betri ya akiba. Nilimwachia mwenyeji wangu karatasi yenye njia nitakayopita na saa ambayo, kama hajanisikia, apige 999 na kuomba walinzi wa pwani. Nilibeba tochi ya kufunga kichwani, ramani ya karatasi, soksi za kubadilisha, koti la mvua, na fimbo mbili. Fimbo nazitaja kwa msisitizo. Kwenye utelezi zinakupa miguu minne, na asiye na mtu wa kumshika mkono anaihitaji yote.

Kupanda Seaford Head kunaanza pale ukuta wa ufukwe unapoishia. Ni kilima cha mita 86 hivi, na upepo wa kusini-magharibi ulikuwa unanisukuma mgongoni. Hapa matope meupe yalianza mapema, kwa sababu njia hii inapitwa na watu wengi mwaka mzima. Nilikuwa nimeshajiwekea utaratibu wa kukanyaga: hatua fupi, unyayo wote chini kwa pamoja, magoti yamelegea kidogo, uzito wa mwili juu ya mguu wa mbele kabla ya kuunyanyua wa nyuma. Ukikanyaga kwa kisigino, kisigino kinakwenda zake. Ukiharakisha, ardhi inakukumbusha.

Jambo moja linahitaji kusemwa wazi, kwa sababu nimeona watu wengi wakilifanya kinyume. Unapofika kwenye dimbwi la matope katikati ya njia, moyo unakwambia ulizunguke kwa pembeni, kwenye nyasi. Kila mtu akifanya hivyo, nyasi za pembeni zinakufa, matope yanapanuka, na anayefuata anazunguka mbali zaidi. Njia iliyokuwa na upana wa hatua mbili inakuwa na upana wa hatua kumi. Mahali pengine hiyo ni hasara ya nyasi tu. Juu ya majabali ya chaki, upande mmoja wa njia ni hewa, na njia inayopanuka kuelekea huko inawapeleka watu kwenye ukingo ambao chini yake mara nyingi hakuna kitu: mawimbi yamekwishachimba, na kilichobaki juu ni udongo na mizizi vinavyoning'inia. Ukiwa umesimama juu huwezi kuliona hilo. Kwa hiyo pita katikati ya matope. Viatu ndivyo vilivyotengenezwa kuchafuka. Na ukiwa ni lazima uzunguke, zunguka kwa upande wa nchi kavu.

Ukivuka kilele cha Seaford Head, unaiona safu yote ya Seven Sisters mbele yako, ng'ambo ya mdomo wa Cuckmere, kuta nyeupe zinazopanda na kushuka mpaka macho yanachoka. Ni picha ambayo watu wengi wameiona kwenye kalenda. Kalenda haionyeshi rangi ya bahari baada ya siku kadhaa za dhoruba. Kwa upana wa mamia ya mita kutoka ufukweni, maji yalikuwa meupe kabisa, na baada ya hapo ndipo rangi ya kijani ilipoanza, kwa mstari unaoonekana. Weupe ule ni chaki. Ni jabali lenyewe, limesagwa na linaelea. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ratiba yangu ilivyoruhusu, na hakukuwa na mtu wa kuniambia tuondoke.

Mto Cuckmere hauna daraja mdomoni. Maji yakipwa kuna watu wanaovuka kwa miguu wakati wa kiangazi. Januari, mto ukiwa umejaa mvua na maji yakiwa na ubaridi wa kukata pumzi, hilo si la kufikiria, na mtu aliye peke yake asilifikirie hata mara moja. Unageuka kushoto, unaupanda mto mpaka daraja la Exceat kwenye barabara ya magari, kisha unashuka tena upande wa pili mpaka baharini. Ni kama saa nzima ya kutembea ili kufika mahali ulipokuwa unapatazama.

Na saa hiyo yote ni ya matope ya aina ya pili. Chaki hunywa maji. Mvua ikinyesha juu ya vilima hupenya na kupotea, ndiyo maana huko juu hakuna vijito. Bondeni hali ni tofauti. Sakafu ya bonde ni udongo laini ambao mto na bahari vimeutandika kwa maelfu ya miaka, chembe ndogo kabisa zilizoshikamana kiasi kwamba maji hayapati pa kupita. Yanakaa juu na kusubiri miguu. Katikati ya karne ya 19 mto ulichimbiwa mfereji ulionyooka ili maji yafike baharini upesi, na yale mapindo yake makubwa ya zamani yakaachwa kando, yametulia. Wakati wa baridi bata wa porini wanakuja kukaa humo kwa makundi. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Sauti yao ni mluzi mwembamba unaoanguka mwishoni.

Hapo bondeni ndipo nilipogundua kwamba sikuwa peke yangu kwa namna niliyodhani. Matope yanatunza kumbukumbu. Mbele yangu alikuwa amepita mtu mmoja mwenye mguu mkubwa, pamoja na mbwa. Mtu huyo alikuwa anajua njia, kwa sababu kila penye kina alikuwa amekwishaanza kugeuka hatua kadhaa kabla. Nilianza kumfuata. Mahali alipoteleza, kisigino kilikuwa kimechora mfereji mrefu, nami nikapita mkono wa pili. Mahali aliposimama, alama za mbwa zilikuwa zimezunguka na kuzunguka. Kwa zaidi ya kilomita moja nilitembea na mtu ambaye sijamwona, nikiamini maamuzi yake, mpaka kwenye geti moja ambapo nyayo zake ziligeukia barabarani na zangu zikaendelea. Ningekuwa na mwenzangu tungekuwa tunazungumza, na nadhani nisingeziona.

Watu huniuliza kama kusafiri peke yangu hakuniletei upweke. Kunaleta, hasa jioni. Lakini mchana, kwenye ardhi inayodai macho kila hatua, nafasi ya upweke ni ndogo. Akili inashuka miguuni. Unaanza kutofautisha matope yanayong'aa, ambayo ni maji juu ya udongo mgumu na hayana neno, na yale yaliyofifia, ambayo ndiyo yenye kina. Unajua kwamba majani yaliyolala upande mmoja yamekwishakanyagwa na yatateleza, na yaliyosimama yatakushika. Haya hayafundishwi kwa maneno. Mwili wenyewe unayaokota, na kwangu hiyo ni furaha kubwa ambayo sijaipata kwa njia nyingine.

Kutoka ufukwe wa Cuckmere unapanda Haven Brow, wa kwanza kati ya vilima vya Seven Sisters na mrefu kuliko vyote, mita 77. Kisha unashuka. Kisha unapanda. Hivyo hivyo mpaka Birling Gap. Anayeitazama ramani anadhani njia inafuata ukingo wa uwanda mmoja. Miguu inajua zaidi. Vile vibonde ni mabonde ya kale. Wakati wa enzi za barafu ardhi hii iliganda kwa kina, chaki ikashindwa kunywa maji, na maji ya theluji iliyoyeyuka yakalazimika kupita juu na kuchimba njia zake kuelekea kusini. Hali ya hewa ilipopata joto, ardhi ikafunguka, maji yakarudi chini, na mabonde yakabaki makavu. Bahari nayo ikaja kuyakata kwa mbele. Kwa hiyo kila unaposhuka unaingia kwenye bonde la mto usiokuwepo, na kila unapopanda unatoka. Chaki yenyewe iliwekwa zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita chini ya bahari yenye joto, kwa magamba ya viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, na katikati yake kuna mistari myeusi ya gumegume, jiwe gumu linalokata viatu na kuunda kokoto za ufukwe.

Kushuka ndiko kunakotisha, si kupanda. Kwenye miteremko ile nilishuka kwa kupindapinda, upande kwa upande, fimbo zikitangulia, na mahali palipokuwa na chaki tupu nilitoka kabisa nikatafuta nyasi upande wa ndani, ambako kondoo wamezikata fupi na kuziacha imara. Mara mbili upepo ulinisukuma kwa pembeni kiasi cha kunibadilishia hatua. Upepo wa siku ile ulikuwa unatoka baharini, yaani ulinisukuma kuelekea nchi kavu. Kama ungekuwa unatoka kaskazini ningeshuka Exceat na kupanda basi, na ningeona nimefanya safari kamili.

Birling Gap ni mahali pa kukaa na kutazama kazi ya baridi kwa karibu. Kuna safu ya nyumba za zamani za walinzi wa pwani ambazo baadhi zimekwishabomolewa kwa sababu ukingo umezifikia, na zilizobaki zinasubiri zamu yao. Ngazi za chuma zinakushusha ufukweni. Sikushuka. Maji yalikuwa yanajaa, na kwenye bamvua tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani ile hufika kama mita 6. Chini ya majabali yale hakuna pengine pa kupandia kwa umbali mrefu, kulia wala kushoto.

Lakini hata kutoka juu unaona. Jabali lililoanguka karibuni linajulikana kwa weupe wake mkali, na chini yake kuna lundo ambalo mawimbi hayajamaliza kulibeba. Chanzo ni kile kile nilichokuwa nacho kwenye viatu tangu asubuhi. Chaki inakunywa mvua ya wiki nyingi na kuwa nzito. Usiku wa baridi kali maji ndani ya nyufa yanaganda na kutanuka. Chini, mawimbi yanakula mguu wa ukuta. Kisha kipande kinaachia, mara nyingi bila onyo. Baada ya majira ya mvua nyingi sana ya mwaka 2000 na mwanzo wa 2001, nguzo maarufu ya chaki iliyokuwa kwenye jabali la Beachy Head, huko mbele, iliyoitwa Devil's Chimney, iliporomoka baharini. Mwaka 2016 watafiti walichapisha vipimo vya eneo hili: kwa maelfu ya miaka majabali yalikuwa yanarudi nyuma sentimita 2 hadi 6 kwa mwaka, na katika karne moja na nusu iliyopita ni sentimita 22 hadi 32. Sababu waliyoieleza ni kupungua kwa ufukwe. Kokoto za gumegume zilizokuwa zikivunja nguvu ya mawimbi zimekuwa chache, na bahari inaupiga ukuta moja kwa moja. Namba hizo zinaniuma. Sentimita 30 ni karibu urefu wa kiatu changu, na nilikuwa nimekanyaga ukingo huo tangu asubuhi.

Mnara wa taa wa Belle Tout, juu kidogo ya Birling Gap, umekwishaikimbia hatari hiyo mara moja. Taa yake iliwashwa mwaka 1834 na ikazimwa 1902, kwa sababu ukungu ulikuwa ukiificha huko juu, na mnara mpya wenye mistari myekundu na myeupe ukajengwa chini, baharini, mbele ya Beachy Head. Belle Tout ukabaki nyumba ya watu. Mwaka 1999, ukingo ulipokuwa umeusogelea mno, wahandisi waliunyanyua mzima na kuusukuma nyuma mita 17. Nilipita mbele yake nikaona ukingo ulipo sasa, nikawaza kwamba wale waliousogeza walijua wazi kwamba wanaununulia muda tu, na bado wakafanya kazi ile kwa uangalifu wote. Ninawaheshimu sana.

Kupanda Beachy Head ni kurefu, mpaka mita 162, jabali la chaki la baharini lililo refu kuliko yote Uingereza. Matope yalipungua hapa, upepo ukazidi. Nilikuwa nimesimama mbali na ukingo nikiutazama ule mnara wenye mistari, mdogo mno kule chini, mwanamke mmoja mwenye koti la rangi kali aliponisogelea na kunisalimia. Aliuliza nimetoka wapi, nimetembea na nani, na siku yangu ilikuwaje. Alikuwa hana haraka hata kidogo. Nilimjibu yote, nikamwonyesha viatu, akacheka, akanitakia safari njema na kuendelea na mzunguko wake. Kuna kikundi cha watu wa kujitolea kinachopita huko juu tangu mwaka 2004, mchana na usiku, kikizungumza na yeyote aliye peke yake, kwa sababu wengine hufika pale wakiwa wamelemewa na maisha. Sikumwuliza kama yeye ni mmoja wao. Mtu anayetoka kwenye upepo ule wa Januari kwenda kumwuliza asiyemjua habari za siku yake, na kusubiri jibu, anafanya jambo kubwa. Baada ya saa nyingi bila kusema neno, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiwa imekwaruza.

Kutoka hapo ni mteremko hadi Eastbourne, nyasi mwanzoni, kisha mkali sana mwishoni pale inapoishia South Downs Way, njia ya kilomita 160 inayotoka Winchester. Ilikuwa saa nane na nusu. Chini ya mteremko nilikutana na vijana wawili, kaka na dada kwa sura zao, wamevaa raba nyeupe, wanatazama juu.

"Samahani, kule juu kunapitika?" akauliza yule dada.

Nikawaambia kunapitika. Wakasema walitaka kufika Birling Gap kisha warudi. Nikawaonyesha saa. Giza lingewakuta njiani wakati wa kurudi, na sikuona tochi. Nikawashauri wafike Beachy Head tu, wageuke mapema, na kwamba karibu na kilele kuna mahali ambapo njia imegawanyika na ile ya kushoto inakwenda ukingoni. Wachukue ya kulia. Kaka mtu akatazama suruali yangu, iliyokuwa nyeupe mpaka magotini juu ya kijivu kilichokwisha kukauka.

"Na matope?"

"Yapo," nikamwambia. "Msiyazunguke."

Wakapanda. Dada alitangulia.